Baba mkwe anamlisha mbwa wetu chokoleti, nimwambieje?

Shikamoo daktari,

Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu ila sijawahi kuandika. Leo nimelazimika, maana nyumbani kwetu hakukaliki kwa sababu ya mbwa.

Tuna mbwa mdogo wa mchanganyiko anayeitwa Popi. Ana miaka minne na uzito wa kilo 9. Baba mkwe alipostaafu alihamia kwetu, na tangu siku hiyo Popi amesahau kwamba sisi ndio tuliomlea. Baba akiamka, yumo miguuni. Baba akiketi kusoma, Popi amelalia ndara zake. Sina kinyongo na hilo, kwa kweli linanifurahisha. Shida ni kwamba kila jioni baada ya chakula baba hula chokoleti ya maziwa, na kila akila humkatia Popi kijipande kimoja, ule mraba mdogo. Nilikuwa nimesikia kwamba chokoleti ni sumu kwa mbwa. Nilipomgusia baba alicheka, akasema amefuga mbwa tangu yu kijana, wote wamekula chokoleti na hakuna hata mmoja aliyekufa kwayo. Popi naye akaendelea kula mwezi baada ya mwezi, akawa buheri wa afya. Mwisho nikaanza kuamini kwamba ni uvumi tu wa mitandaoni.

Wiki iliyopita baba aliletewa zawadi ya chokoleti nyeusi, pakiti ya gramu 100. Alikula nusu, iliyobaki akaiacha mezani akaenda kulala. Tuliporudi, yapata saa mbili usiku, tulikuta karatasi iko sakafuni imelambwa ikang'aa, na Popi anatazama ukuta kama haimhusu. Mume wangu akasema tusubiri tuone. Wifi yangu, ambaye tulikuwa naye, akasema tumnyweshe maji ya chumvi atapike. Mume akakataa, akasema maziwa ndiyo yanayokata sumu. Tukampa maziwa.

Kabla ya saa sita alianza kutapika, matapishi ya kahawia yenye harufu ya utamu. Baada ya hapo ikawa hatulii. Anazunguka chumba kizima, anahema ulimi nje, anakunywa maji mpaka bakuli linabaki linalia sakafuni, anakojoa kwenye zulia, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mtoto. Nilipomshika paja nilihisi nyama inachezacheza chini ya ngozi. Hakulala hadi alfajiri. Kesho yake alishinda amejilaza, jioni akala kidogo, na siku ya tatu akawa Popi yule yule.

Baba anasema lile lilikuwa tumbo tu, labda yale maziwa. Juzi jioni nimemwona anamkatia mraba tena. Nilipofungua mdomo mume wangu akanitolea jicho, na baadaye akaniambia nisimvunjie mzee heshima kwa maneno ya kwenye simu.

Daktari, chokoleti ni sumu kweli? Kama ni sumu, mbona siku zote hizo haikumdhuru? Usiku ule tulipaswa kufanya nini? Mzee kama yule nitamwambiaje bila kuonekana mkwe mjuaji? Na je, nimpeleke Popi akapimwe japo anaonekana mzima?

Mkwe Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa usiku huo.

Nianze na jambo ambalo pengine hukulitarajia kutoka kwangu. Kuhusu ule mraba wa kila jioni, baba mkwe wako anasema kweli: haukumdhuru Popi. Kuhusu usiku ule amekosea, na si kosa dogo. Mambo haya mawili hayapingani, na ukishaelewa kwa nini hayapingani utakuwa umepata pia namna ya kuzungumza naye.

Sumu yenyewe inaitwa theobromini. Imo ndani ya kakao, pamoja na kafeini, ile ile ya kwenye kahawa, ambayo kwenye chokoleti huwa kidogo zaidi. Sisi binadamu tukila, ini huivunja theobromini ikapungua nusu ndani ya saa saba hadi kumi hivi. Ini la mbwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa mwendo wa kinyonga: huhitaji takriban saa 17 na nusu kuipunguza ifike nusu, kisha saa nyingine kama hizo kupunguza nusu ya iliyobaki. Kwa hiyo alfajiri ile mlipodhani mambo yamekwisha, zaidi ya nusu ya kile alichokuwa amekifyonza bado ilikuwa inazunguka kwenye damu yake. Dalili zinaweza kuendelea hadi siku tatu, na Popi alizimaliza karibu zote.

Inachofanya mwilini ni hiki. Ubongo na moyo vina kemikali inayoitwa adenosini, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kutuliza. Theobromini huizuia isitulize. Mbwa akabaki hana breki wala usingizi: anahangaika, anahema, moyo unakwenda mbio, misuli inatetemeka, figo zinamwaga mkojo na kiu inampanda. Ukisoma tena barua yako utaona umeziandika karibu dalili zote hizo bila kufundishwa na mtu. Kule kukojoa kwenye zulia hakukuwa utovu wa adabu, alikuwa hana namna. Maziwa pia si mambo ya kupuuza kabisa, kwa sababu mbwa wengi wazima hawayamudu na huharisha, kwa hiyo baba hakubahatisha ovyo. Ila maziwa hayamtetemeshi mbwa paja.

Sasa chukua kalamu, kwa sababu swali lako la pili jibu lake ni hesabu.

Chokoleti si kitu kimoja. Ile ya maziwa ina takriban miligramu 2 za theobromini katika kila gramu. Nyeusi ya kawaida ina kama 5, na zile kali zenye kakao asilimia 70 na kuendelea hufika 8. Ile chungu isiyotiwa sukari, ambayo waokaji hutumia kwenye keki, inazunguka kwenye 15. Unga mkavu wa kakao unaanzia 20 na kupanda. Nyeupe karibu haina kabisa, maana imetengenezwa kwa mafuta ya kakao bila ule unga wake. Yaani kati ya kijiko cha unga wa kakao na kijipande cha chokoleti ya maziwa chenye uzito ule ule, tofauti ni mara kumi au zaidi, na vyote tunaviita jina moja.

Upande wa mbwa, anayepata miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili wake huanza kutapika, kuharisha, kunywa maji kupita kiasi na kukosa utulivu. Zikifika 40 hadi 50 moyo unaingia matatani: unakwenda mbio kupita kiasi au unapiga bila mpangilio. Zikipita 60 tunategemea degedege, na hapo kifo kinaweza kuja kwa moyo kusimama, kwa joto la mwili kupanda mno au kwa pumzi kukata. Usizichukulie namba hizi kama mpaka uliochorwa kwa rula. Mbwa mzee, au mwenye moyo mbovu, huumwa mapema kuliko jedwali linavyosema.

Tumpime Popi. Mraba mdogo wa chokoleti ya maziwa, tuseme gramu 5, una miligramu 10. Gawa kwa kilo 9: ni kama miligramu 1 kwa kilo. Haifiki popote. Hata baba akimpa miraba mitatu, bado hafiki popote. Ndiyo sababu alikula miezi yote hiyo na hukuona kitu.

Usiku ule alikula gramu 50 za nyeusi. Kama ilikuwa ya kawaida ni miligramu 250, na ukigawa kwa 9 unapata karibu 28. Kama ilikuwa ile kali ni miligramu 400, yaani 44 kwa kilo. Tafuta karatasi kama bado ipo, usome asilimia ya kakao, ingawa kwa huo mtetemo wa misuli ulionieleza mimi naegemea upande wa juu. Sasa fikiria kama baba angeiacha pakiti bila kuigusa. Gramu 100 zingempa Popi karibu miligramu 56 kwa kilo zikiwa za kawaida, na karibu 89 zikiwa kali. Kilichomwokoa mbwa wenu ni kwamba mzee alikuwa ameshakula nusu yake.

Na wale mbwa wa ujana wake? Sijui walikuwa wa namna gani, lakini mbwa wa kilo 30 anayemegewa chokoleti ya maziwa angehitaji gramu 300 kwa mkupuo mmoja ndipo afike hata kwenye ile 20 ya kuanza kutapika. Nani anamgawia mbwa gramu 300 za chokoleti yake? Uzoefu wa baba ni wa kweli kabisa, ila ni uzoefu wa mbwa wale na chokoleti ile. Hauwezi kumwambia lolote kuhusu mbwa wa kilo 9 na pakiti nyeusi.

Nakuja kwenye usiku wenyewe, na hapa nitasema ukweli hata kama mume wako atasoma. Kama kuna la kulaumu, la kwanza ni lile la "tusubiri tuone". Mara nyingi dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, wakati mwingine saa 6 hadi 12 tangu mbwa ale. Zikishaonekana, sumu imeshaingia kwenye damu, na daktari amepoteza silaha yake nzuri kuliko zote, ambayo ni kumtapisha mbwa mapema. Kutapisha hufaa zaidi ndani ya saa mbili za kwanza, ingawa chokoleti hung'ang'ania tumboni, na tukichelewa kidogo bado hujaribu. Mlipoikuta ile karatasi saa mbili usiku Popi alikuwa bado mzima. Hapo ndipo palikuwa pa kupiga simu kwa daktari wa mifugo.

Ukipiga simu, atataka kujua mambo manne: uzito wa mbwa, aina ya chokoleti, kiasi alichokula, na saa aliyokula. Usipojua kiasi, sema kiasi kikubwa kinachowezekana, kwa mfano "pakiti ilikuwa imebaki nusu, huenda ameimaliza". Karatasi usiitupe, ichukue uende nayo, na uangalie kama imepungua, kwa sababu mbwa wenye pupa humeza na karatasi yake, na karatasi ya foili inaweza kuziba utumbo. Mueleze pia dawa zozote ambazo mbwa anatumia. Baadhi ya wenzangu watakuambia baki nyumbani umwangalie, wengine watakuambia njoo sasa hivi. Tofauti inatokana na ile hesabu tuliyoifanya, wala si kwamba mmoja anajali na mwingine hajali. Kwa hali ya Popi mimi ningesema njoo.

Maji ya chumvi: mume wako alifanya vyema kukataa, na hilo nampa haki yake. Chumvi nyingi hupandisha sodiamu kwenye damu, ubongo unaumia, na kuna mbwa waliokufa kwa dawa hiyo ya nyumbani wakati walichokula kisingewaua. Vidole kooni havifai, utaumwa wewe na yeye ataumia koo. Mafuta ya kupikia hayafai pia, yanaweza kuingia kwenye mapafu, na tumbo lenye chokoleti lina mafuta ya kutosha tayari. Maziwa hayakati sumu yoyote hapa, yanajaza tumbo tu. Mtu akikuambia kuhusu dawa ya vidonda, ile haidrojeni peroksaidi, jua kwamba ni ile ya asilimia 3 peke yake, na ni pale tu daktari atakapokuambia kwa simu, akakupa na kipimo, baada ya kukuuliza maswali yake. Mbwa anayetetemeka, aliyelegea au mwenye pua fupi iliyobonyea hatapishwi nyumbani hata kidogo, maana matapishi yakikosea njia yakaingia kwenye mapafu umemuongezea ugonjwa wa pili.

Kwa daktari mbwa hutapishwa kwa sindano au kwa matone ya jichoni, na utashangaa jinsi tumbo la mbwa mdogo linavyoweza kutoa. Baadaye anaweza kupewa mkaa wa dawa, ambao hunasa theobromini ndani ya utumbo. Hapo wengine huuliza kama mkaa wa jikoni unafaa. Haufai, ule wa dawa umetengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Anawekewa dripu, anapewa dawa ya kutuliza misuli au kuzuia degedege, na moyo ukienda kombo anapewa dawa ya kuurekebisha mwendo. Dawa ya kuiua sumu yenyewe hakuna. Tunalofanya ni kumshikilia mbwa salama mpaka ini lake limalize kazi yake ya polepole.

Kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hawalijui. Theobromini ikishafika kwenye kibofu cha mkojo hufyonzwa upya kurudi kwenye damu. Mbwa anayebana mkojo anajilisha sumu mara ya pili. Ndiyo maana wagonjwa wa namna hii tunawatoa nje wakojoe mara kwa mara, na walio hoi tunawawekea mpira wa mkojo. Kwa hiyo Popi alipowalowesha zulia, bila ninyi kujua wala yeye kujua, alikuwa anajisaidia kwa maana zote mbili.

Ukiwa nyumbani unamwangalia, weka kiganja upande wa kushoto wa kifua chake, pale kiwiko cha mguu wa mbele kinapogusa mbavu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Mbwa mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 140 kwa dakika, wadogo wakiwa upande wa juu. Jizoeze kumpima sasa akiwa mzima, ujue chake ni kipi, kwa sababu usiku wa dharura mikono yako mwenyewe inatetemeka na utahesabu mapigo yako ukidhani ni yake.

Haya, tuje kwa mzee.

Usimwambie kwamba anamuua mbwa. Kwanza si kweli, na pili ana ushahidi wa miaka kwamba si kweli. Ukitia chumvi kwenye neno moja, hata lile la kweli hatalipokea. Anza kwa kukubali: "Baba, nimeuliza kwa daktari, amesema ule mraba wako haukumdhuru Popi." Mwache alifurahie hilo kidogo, ana haki nalo. Kisha mwombe akusaidie hesabu. Weka mezani chokoleti yake ya maziwa na hiyo karatasi nyeusi, mwambie gramu ngapi, miligramu ngapi, gawa kwa 9. Asome yeye, agawe yeye. Mtu aliyefuga mbwa maisha yake yote akiiona 56 ya pakiti nzima kwa mkono wake mwenyewe hahitaji kuhubiriwa na mkwe.

Na mume wako asijifiche nyuma ya heshima. Yeye ndiye mtoto wa mzee. Neno hili lianze kwake, wewe ukiwepo, kwa sababu likitoka kwako peke yako linageuka kuwa mambo ya mkwe na baba mkwe, na mbwa anasahaulika. Tena yeye ana deni: alisubiri aone, na alichokiona kilikuwa kibaya. Akimwambia baba yake "usiku ule mimi ndiye niliyesema tusubiri", mzee hatajiona amekaa kizimbani peke yake.

Utaniuliza, kama mraba haudhuru, kwa nini basi usiendelee? Mimi nashauri uishe, na sababu yangu si sumu ya mraba. Popi amefundishwa kwamba harufu ile ni chakula chake. Mbwa hajui asilimia ya kakao. Aliyezoea mraba wa miligramu 10 atakwenda kwa moyo mmoja kwenye kopo la unga wa kakao, na kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kinaweza kuwa na miligramu 100 au zaidi. Mbwa ambaye hajawahi kuonjeshwa naye anaweza kuiba, sikatai, ila huyu wenu ameshapewa mwaliko. Halafu kuna mafuta. Chokoleti ya aina yoyote, hata nyeupe isiyo na theobromini, ina mafuta mengi, na mbwa akila nyingi kwa pamoja kongosho linaweza kuvimba siku moja hadi tatu baadaye: anatapika upya, anakataa chakula, anakunja mgongo kwa maumivu ya tumbo. Wenye mbwa hao hunijia wakisema "daktari, mbona chokoleti ilishapita?"

Kinachonitia hofu zaidi nyumbani kwenu ni kingine, ambacho hukukitaja. Watu wa umri wa baba mkwe wako wengi huambiwa wapunguze sukari, na siku moja anaweza kuhamia kwenye chokoleti isiyo na sukari. Baadhi yake imetiwa utamu uitwao zailitoli. Kwetu sisi hauna neno. Kwa mbwa humwaga insulini ghafla, sukari kwenye damu ikaporomoka, wakati mwingine ndani ya nusu saa, mbwa akayumba, akalegea, akaanguka. Dozi kubwa zaidi huharibu ini. Hapo mraba mmoja hauwezi tena kuitwa mdogo, na ile hesabu yetu ya theobromini haikusaidii kitu. Kwenye karatasi huandikwa kwa jina hilo au kwa namba E967. Soma pia pipi, bazoka na siagi ya karanga. Chokoleti zenye zabibu kavu nazo ni balaa la pili, kwa kuwa zabibu huweza kuzimisha figo za mbwa, na zile zenye karanga za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Kama mna bustani, maganda ya kakao yanayouzwa kwa kutandazwa juu ya udongo yana theobromini ile ile, na yakiwa mabichi yananukia vizuri mno kwa pua ya mbwa.

Baba akitaka kuendelea kugawana na rafiki yake kila jioni, na asizuiwe maana ndiyo starehe yao, mpe karoti mbichi iliyokatwa vipande vidogo, au nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Weka kwenye kisahani karibu na chokoleti yake, ili mkono wake uwe na cha kuchukua. Siku tatu za kwanza Popi ataangalia karoti kwa dharau. Chokoleti yenyewe ikae kabatini juu, mlango ukifungwa, na funguo akae nazo baba. Akiwa yeye ndiye mlinzi wa kabati, hutamkuta tena ameacha pakiti mezani. Nimeona jambo hili likifanya kazi kuliko amri yoyote ya mwenye nyumba.

Swali lako la mwisho. Wiki imepita, anakula, anacheza, hatapiki: sumu imeshatoka, na sitarajii alama yoyote iliyobaki. Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali leo. Mpeleke kama anachoka haraka kuliko zamani, anakohoa akikimbia, aliwahi kuzimia au amewahi kuambiwa ana shida ya moyo. Vinginevyo subiri siku yake ya chanjo, umweleze daktari kilichotokea na saa zake kama ulivyoniandikia, naye atamsikiliza moyo na kuandika kwenye faili lake. Muombe pia ampime uzito upya. Mbwa wa nyumba yenye mzee mkarimu mara nyingi habaki na kilo 9 kwa muda mrefu, na kila hesabu niliyokupa hapo juu inagawanywa kwa namba hiyo.